Barakoa za maua: faida inaishia mfukoni mwa nani?

Sheria ya kuvaa barakoa ilikuja kwa kishindo na ikaondoka kimya kimya. Barakoa yenyewe haikuondoka. Katika pitapita zangu Area 25 mjini Lilongwe, kwenye soko la Nsungwi na kwenye vituo vya minibasi ziendazo Kanengo, sikosi kuiona: nyeusi tupu kwa kijana, ya waridi kwa binti wa saluni, yenye maua ya rangi mbili tatu kwa mama anayekwenda ibadani. Hakuna polisi anayeidai wala daktari aliyeiandika. Mtu ameivaa kwa sababu inampendeza, na pengine kwa sababu inalingana na kilemba chake.

Leo ningependa tuiangalie barakoa hii ya mapambo, ile ya kuvaa mara moja na kutupa, kwa jicho la biashara. Najua wengi wanaosoma ukurasa huu ni watu wa njiani. Yupo aliyerudi Burundi au Kongo baada ya miaka mingi ya Dzaleka, na yupo anayevuka mpaka wa Kasumulu na mabegi yake ya bidhaa za Kariakoo. Watu hawa hawahitaji kuhubiriwa kuhusu mitindo. Wao ndio wanaoileta. Swali langu kwao ni moja: mtindo huu unapouzwa, faida inaishia mfukoni mwa nani?

Kwanza tuondoe dhana kwamba kujipamba kwa kitu cha kufunika uso ni uzungu au uchina ulioletwa na maradhi. Neno barakoa lenyewe ni la zamani katika pwani yetu, na asili yake ni Kiarabu. Katika Zanzibar ya karne ya 19 barakoa ilikuwa vazi la mabibi wa ukoo wa Sultani na wa nyumba za matajiri, iliyotengenezwa kwa kitambaa cha thamani na kutiwa nakshi. Binti Sultani Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliyaeleza mavazi ya mabibi wa Unguja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanajua kuwa mpaka leo wapo bibi wazee wanaovaa barakoa za aina hiyo.

Maana ya barakoa ile ilikuwa cheo. Mwanamke mtumwa hakuivaa. Mwenye kuivaa alitambulika kwa mbali kuwa ni mtu wa nyumba fulani, na ubora wa nakshi uliongeza heshima yake. Kwa hiyo korona ilipoingia mwaka 2020 na Waswahili wakaliokota neno barakoa ili kuita kile kifaa cha hospitali, walikuwa wanalirudisha kwenye matumizi neno lililokwisha kubeba harufu ya urembo. Wanyarwanda na Warundi waliita agapfukamunwa, yaani kifunika kinywa. Wakongomani wengi walitumia jina la Kifaransa lenye maana ya kificha pua. Pale Dzaleka, ambako watu hawa wote hukutana kisimani na sokoni, majina yote hayo yalisikika, lakini Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya kuuziana.

Sasa turudi kwenye mambo ya karibuni. Malawi ilitangaza hali ya janga Machi 20, 2020, kabla hata ya kuwa na mgonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza walitangazwa Aprili 2. Serikali ya Rais Peter Mutharika ilitaka kuwafungia watu ndani kwa siku 21 kuanzia Aprili 18, wachuuzi wakaandamana Lilongwe na miji mingine wakisema wataliwa na njaa kabla ya kuliwa na korona, na Mahakama Kuu ikausimamisha mpango huo Aprili 17. Uchaguzi wa marudio ulifanyika Juni 23, Lazarus Chakwera akaingia Ikulu, na Agosti mwaka huo zikaja kanuni mpya: asiyevaa barakoa hadharani atozwe faini ya kwacha 10,000.

Kwa mchuuzi wa Area 25 fedha hiyo haikuwa ndogo. Nchi nyingine zilikuwa kali zaidi. Kenya iliweka faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Hata hivyo, sote tuliona jinsi watu walivyoivaa barakoa ya faini. Ilikaa kidevuni kama ndevu, ikapandishwa polisi akionekana na kushushwa akishapita. Moja ilizunguka kwa watu watatu ndani ya minibasi. Januari 12, 2021, mawaziri wawili wa Malawi, Lingson Belekanyama na Sidik Mia, walifariki siku moja kwa ugonjwa huo, na hofu ikawafanya wengi waipandishe barakoa mpaka puani. Hofu nayo ilipopoa, barakoa ikashuka tena.

Faini na hofu havikufanikiwa kuifanya barakoa ikae usoni, lakini urembo ulifanikiwa. Mtu aliyevaa barakoa iliyoshonwa kwa kitenge kile kile cha gauni lake hakuishusha kidevuni, kwa kuwa aliivaa ili ionekane. Hili ndilo somo ambalo viongozi wetu wa afya hawajalizungumza vya kutosha. Sisi ni watu wa kitambaa. Kanga husema, kitenge hutambulisha chama, kanisa, msiba na harusi. Ukitaka kitu kivaliwe na watu wetu bila kusukumwa, kipe rangi na ulinganifu.

Na hapo ndipo fundi cherehani alipopata nafasi yake. Barakoa ya kitambaa haihitaji kiwanda. Inatosha kuwa na cherehani ya mguu, vipande vilivyobaki baada ya kukata gauni, na mpira wa kiunoni unaouzwa kwa mita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Juni 5, 2020, lilishauri barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu: la ndani linyonye unyevu, la kati lichuje, la nje lizuie majimaji. Fundi aliyeelewa hayo aliweza kushona nyingi kwa siku. Mafundi wa Dzaleka walishona, kama walivyoshona wenzao katika kambi ya Kakuma kule Kenya, ambako Mkongomani mmoja mbunifu wa mavazi alisifika kwa kuzishona kwa vitenge. Mkimbizi aliyezoea kupanga foleni ya kupokea msaada alionekana safari hii akitoa.

Lakini soko halikai na mtu mmoja kwa muda mrefu. Viwanda vya China viliongeza uzalishaji wa barakoa za kutupa kwa kiwango ambacho dunia haikuwahi kuona, na kufikia mwaka 2021 bei ya boksi ilikuwa imeporomoka. Kwanza zilikuja za bluu na nyeupe, zenye sura ya wodini, ambazo hazikumtisha fundi kwa kuwa hazikuwa na urembo. Kisha zikaja nyeusi, kisha za waridi, kisha zenye maua, madoadoa, chui, hata michoro inayofanana kabisa na kitenge. Zinauzwa moja moja kama sigara. Mteja anayehesabu kwacha zake anaona ua kwa ua, rangi kwa rangi, na hii ya kutupa ni rahisi kuliko ile ya fundi. Anachukua ya kutupa.

Inawezekana wapo watakaosema hiyo ndiyo biashara, mwenye bei nafuu ashinde. Sina ugomvi na hoja hiyo, ila hesabu yake haijakamilika. Barakoa ya kutupa ni nafuu kwa siku moja. Anayeivaa kila siku kwa mwezi ananunua takriban 30, akiitumia kama ilivyokusudiwa. Ya fundi hufuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi. Kwa sababu mnunuzi wetu anajua kuwa hawezi kununua 30, anafanya jambo ambalo kila mtu Area 25 amelishuhudia: anaifua ile ya kutupa na kuianika kambani pamoja na soksi.

Hapa ni lazima tuelezane ukweli wa kifaa chenyewe. Barakoa ya kutupa inafanana na karatasi, lakini ni plastiki. Nyuzi zake ni za polipropilini, jamii ile ile ya malighafi ya magunia ya plastiki. Ile ya kweli ina tabaka tatu, na kazi kubwa inafanywa na tabaka la katikati, ambalo limetiwa chaji ya umeme tuli inayonasa vijidudu na vumbi jembamba. Ukilitia katika maji ya sabuni, chaji hiyo hupungua. Kinachobaki ni umbo na ua. Tena ua lenyewe limechapwa kwenye tabaka la nje tu na haliongezi kinga hata chembe. Zipo pia za mapambo ambazo hazina kabisa tabaka la kuchuja. Ni matabaka mepesi yaliyobanwa pamoja, na ukiyaangalia kwenye mwanga unaona mkono wako upande wa pili.

Kwa anayekwenda harusini hilo halina madhara makubwa. Kwa mkazi wa Area 25 linayo. Eneo hili limepakana na Kanengo, penye viwanda na soko kuu la mnada wa tumbaku la Lilongwe. Msimu wa mnada ukifunguliwa, wapo wanaoshinda katika vumbi la tumbaku tangu asubuhi. Wapo wanaohudumia mashine za kusaga mahindi, na wapo mabinti wa saluni wanaosugua kucha za bandia, ambazo unga wake huingia puani kwa urahisi. Hawa wanavaa barakoa ya maua wakiamini imewakinga. Kwa vumbi la kazi, hata barakoa nzuri ya hospitali haitoshi kwa kuwa inaachia hewa pembeni. Inatakiwa ile inayobana uso kama N95. Mwajiri anayemgawia mfanyakazi wake boksi la barakoa za maua na kudhani amemaliza wajibu, hajamaliza.

Kuna na suala la taka. Ndugu zangu mnaovuka mipaka mnayajua machungu ya mifuko ya nailoni. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 1, 2019. Malawi ilitunga kanuni dhidi ya plastiki nyepesi mwaka 2015, wenye viwanda wakaenda mahakamani, na Julai 2019 Mahakama ya Rufaa ya Juu ikaafiki katazo. Leo abiria anayeingia Tanzania na mfuko wa nailoni huambiwa auache. Lakini katoni nzima ya plastiki ya kufunika uso inapita, na baada ya siku mbili imelala kwenye mtaro wa Area 25 ikingojea mvua. Sisemi zipigwe marufuku, maana hospitali inazihitaji na mgonjwa wa kifua kikuu anayeivaa anawakinga wenzake. Ninasema tusijidanganye kwamba ni karatasi itakayooza.

Sasa nije kwa mfanyabiashara wa mpakani, ambaye ndiye mwenye ufunguo. Mzigo wa aina hii hutoka China hadi bandarini Dar es Salaam, ukapita Kariakoo, Mbeya, Kyela, Kasumulu, Karonga, Mzuzu, hadi Lilongwe. Katika safari yote hiyo, aliyebuni ua lile hayumo, aliyelichapa hayumo. Sisi tunalipwa kwa kubeba na kwa kukaa juani. Angalau basi tujue tunabeba nini. Geuza boksi usome. Mzigo wa China ukiandikwa YY 0469, umetajwa kuwa wa chumba cha upasuaji. YY/T 0969 ni wa hospitali kwa matumizi ya kawaida. GB/T 32610 ni wa kuvaliwa na raia dhidi ya hewa chafu. Ule wa kiwango cha Ulaya huandikwa EN 14683. Boksi lisilo na alama yoyote, au lililoandikwa kuwa si la matibabu, liuze kama pambo na umwambie mteja hivyo. China yenyewe, tangu Aprili 26, 2020, ilianza kuwabana wauzaji wake wa nje watamke kiwango cha barakoa zisizo za hospitali, baada ya malalamiko ya nchi nyingi. Mchuuzi anayemuuzia muuguzi pambo kwa jina la kinga anahatarisha maisha ya watu, na jina lake sokoni halitadumu.

Jambo la pili ni kubwa kuliko la boksi. Ushindani kati ya fundi wa Dzaleka na katoni ya Kariakoo hauko sawa hata kabla ya bei. Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Unashika barabara ya M1 kwenda kaskazini, kisha unachepuka. Ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, na tangu mwaka 1994 ni kambi. Ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwa vipengele tisa, vikiwemo vya kufanya kazi na kwenda atakako. Machi 27, 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wote waishio nje ya kambi warudi Dzaleka ifikapo Aprili 15, na Mei mwaka huo askari wakaanza kuwakusanya kwenye nyumba na maduka yao Lilongwe. Mamia walichukuliwa, watoto wakiwemo.

Tafakari maana yake kwa cherehani. Katoni iliyotoka ng'ambo ya bahari ikishalipiwa ushuru inakwenda Area 25 bila kuulizwa. Fundi aliyeko mwendo wa saa moja tu akibeba barakoa 100 za kitenge kwenda kuziuza Area 25, anaulizwa kibali. Bidhaa ya mgeni wa mbali ina uhuru wa kutembea kuliko mikono ya jirani. Wapo wafanyabiashara wa Malawi wanaolalamika kwamba wakimbizi wanawanyang'anya wateja, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa. Lakini kwa bidhaa hii aliyewanyang'anya wateja hakutoka Dzaleka. Fundi Mmalawi wa Nsungwi na fundi Mrundi wa Dzaleka wamepigwa na katoni ile ile.

Yapo mataifa yaliyoonyesha kuwa uamuzi wa serikali unaweza kumweka fundi sokoni. Katika kaunti ya Kitui, Kenya, kiwanda cha nguo cha KICOTEC, kilichoanzishwa na serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu, kiligeuza mashine zake kushona barakoa mwanzoni mwa 2020. Rwanda ilizipa leseni kampuni za ndani za nguo kuzitengeneza mara tu ilipowataka wananchi wote kuzivaa Aprili 2020. Tanzania, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi Februari 2021 wavae zilizotengenezwa nchini na wawe na shaka na za nje. Msimamo wake juu ya korona ulikuwa na mjadala mkubwa, na sina nia ya kuufufua hapa. Ila kwamba barakoa ni kitu tunachoweza kujishonea, hilo hakuna aliyelipinga.

Mwaka 2023, Mei 5, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura ya korona imekwisha. Barakoa ikabaki mikononi mwa mitindo, na mitindo ina tabia ya kudumu pale penye ulinganifu. Hapo fundi bado ana silaha ambayo katoni haina. Kiwanda cha mbali hakijui kuwa Jumamosi kuna harusi ya fulani na sare yake ni kitenge cha kijani. Fundi anajua. Anaweza kutoa gauni, kilemba, mkoba na barakoa kutoka pande moja la kitambaa, na kwa vipande ambavyo angevitupa. Tamasha la Tumaini, linalofanyika Dzaleka tangu mwaka 2014 na kuleta wageni wengi kambini, lingeweza kuwa dirisha la kazi kama hizo.

Kwa ninyi mliokwisha kurudi nyumbani, ujuzi huo mliondoka nao. Cherehani iliyojifunzwa Dzaleka inashona vile vile Bujumbura, Uvira au Bukavu, tena huko hakuna wa kukuuliza kibali cha kwenda sokoni. Kwa wewe unayevuka Kasumulu, sikuambii uache kubeba katoni. Nakuambia katika begi lile lile tenga nafasi ya dazeni chache za mafundi, uwauzie wanaotaka kupendeza, na za kutupa zenye alama ya kiwango uwauzie wanaotaka kinga. Kila moja iende kwa mwenye haja nayo.

Na kwa serikali ya Malawi, ombi ni dogo. Kama kufungua milango yote ya Dzaleka kunaleta ubishi, ianze na kibali cha siku ya soko: fundi aliyesajiliwa aruhusiwe kuleta kazi yake Lilongwe, alipe ushuru wa soko kama wengine, na jioni arudi. Nchi inayoruhusu plastiki yenye picha ya kitenge kupita mpakani haina sababu ya kumzuia njiani mtu anayekuja na kitenge chenyewe.